Zege Lililochoka na Kitambaa cha Kaboni

Ndugu mmoja fundi uashi, mkazi wa Nyasura katika mji wa Bunda, ametuuliza swali ambalo tumeona halistahili kujibiwa kwa mistari miwili katika safu ya barua. Asema alisikia kutoka kwa kijana wake, afanyaye kazi ya ujenzi katika mji mkubwa, kwamba siku hizi sakafu ya ghorofa ikichoka haivunjwi. Hubandikwa chini yake kitambaa cheusi kwa gundi, na baada ya wiki moja sakafu hiyo hubeba mzigo kuliko ule iliokuwa ikibeba siku ilipomwagwa. Wenzake walimcheka. Walisema kijana amewatania wazee. Lakini yeye hakucheka, kwa kuwa katika kata yake liko darasa ambalo alibeba matofali yake kichwani alipokuwa kijana, na sasa darasa hilo lina nyufa. Auliza: Je, kitambaa hicho kipo kweli? Na kama kipo, chaweza kuliokoa darasa letu?

Kwa swali la kwanza twajibu kwamba kipo. Jibu la swali la pili ni refu zaidi, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Yafaa kwanza tukumbushane darasa hilo lilitoka wapi. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Azimio hilo la Musoma lilipotolewa hapakuwa na madarasa ya kuwapokea watoto wote hao, wala fedha za kuyajenga hazikuwako. Basi wananchi walifyatua matofali, wakachota mchanga mitoni, akina mama wakabeba maji, na kuta zikasimama. Palipopatikana saruji iliwekwa saruji, na ilipokosekana palitumika udongo. Nondo ilikuwa anasa. Yamepita miaka hamsini na zaidi, na majengo ya wakati ule, pale ambapo hayajabomolewa, bado yanatumika. Watoto wanaosoma humo leo ni wajukuu wa wale waliobeba matofali. Kwa hiyo mtu asemapo kuhusu kuimarisha majengo ya zamani, asidhani twazungumzia mambo ya wahandisi peke yao. Hayo ni majengo ya wananchi, na hatari iliyomo ni hatari ya watoto wa wananchi.

Sasa tuje kwenye hicho kitambaa cheusi. Kaboni ni kitu kile kile ambacho mchoma mkaa hukipata porini. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo ili hewa isiingie, kisha akayatia moto. Kuni zikiungua penye hewa hubaki majivu, lakini zikiungua pasipo hewa hubaki mkaa, na mkaa sehemu yake kubwa ni kaboni. Viwanda vya nyuzi za kaboni hufanya kazi iliyo ndugu ya hiyo. Huchukua uzi mwembamba wa aina ya plastiki, huuvuta ukanyooka, huuoka polepole katika joto la nyuzi 200 hadi 300, halafu huupitisha katika tanuri lisilo na hewa lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Kinachotoka ni uzi mweusi mwembamba mno kuliko unywele wa mtu, ambao ukivutwa hukataa kukatika.

Wakulima wa pamba wa Bunda watapenda kujua kwamba babu wa uzi huu alikuwa uzi wa pamba. Mwaka 1879 Mmarekani Thomas Edison aliunguza uzi wa pamba pasipo hewa, akautia ndani ya taa yake ya umeme, ukawaka. Uzi ule ulikuwa dhaifu, wala hakuna aliyefikiria kuutumia kubeba kitu. Ilipita miaka karibu themanini mpaka 1958, ambapo mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Bacon, alipata nyuzi za kaboni zenye nguvu za ajabu. Wajapani na Waingereza wakaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1960. Kwanza zilitumika katika ndege, kwa sababu ni nyepesi. Wajenzi wa madaraja na majumba walikuja nyuma sana.

Kwa nini wajenzi walizihitaji? Fundi yeyote wa zege ajua kwamba zege ni shujaa wa kukandamizwa lakini ni mwoga wa kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa haizidi sana sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Boriti inapobeba mzigo hupinda kidogo, na ikipinda upande wake wa juu hujibana na upande wa chini hutanuka. Ndiyo maana nondo huwekwa chini, ili zivute pale zege lisipoweza. Sasa nondo zikiwa haba tangu mwanzo, au mzigo ukiongezeka kuliko ule uliokusudiwa, utafanya nini? Huwezi kulipasua zege zima na kuchomeka nondo nyingine. Kuanzia miaka ya 1960 wahandisi wa Ufaransa na Afrika Kusini walikuwa wakibandika mabamba ya chuma chini ya boriti kwa gundi kali iitwayo epoksi. Njia hiyo ilifaa, ila bamba la chuma ni zito, lahitaji kushikiliwa kwa mirunda na jeki mpaka gundi ikauke, na baada ya miaka hushikwa na kutu nyuma pale ambapo jicho halioni.

Waswisi ndio waliobadilisha mambo. Karibu na mji wa Lucerne liko daraja la Ibach, lenye urefu wa mita 228. Mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili wafunge taa za barabarani walikata kwa bahati mbaya kebo ya chuma iliyokuwa ndani ya daraja, yaani mshipa wenyewe uliokuwa ukilishika. Magari mazito yakazuiwa kupita. Mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya utafiti ya Uswisi iitwayo EMPA, wakiongozwa na Profesa Urs Meier, walibandika chini ya daraja vipande virefu vya kaboni. Uzito wa vipande vyote ulikuwa kilo 6.2. Kama wangetumia mabamba ya chuma, wangehitaji kilo 175. Kilo sita ni mzigo ambao mtoto wa darasa la tano huubeba akitoka kisimani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua ukanda wa kaboni wenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 1.4. Mita yake moja haifiki robo kilo, hali nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu kilo 0.9 kwa mita. Lakini ukiuvuta ukanda huo hadi ukatike utahitaji nguvu ipatayo mara saba ya ile inayoishinda nondo hiyo. Twaharakisha kuongeza kwamba katika kazi halisi mhandisi hawezi kuitumia nguvu yote hiyo, kwa sababu kabla ukanda haujakatika zege lililoushika hubanduka. Hilo ni jambo kubwa, na tutalirudia.

Kuna njia ya pili, nayo ni ya kufunga nguzo. Mkulima ambaye mpini wa jembe lake umepasuka hachongi mpini mpya siku ile ile ya palizi. Huchukua kipande cha mpira wa gurudumu, akauzungushia na kuukaza, na mpini ukamaliza msimu. Nguzo ya zege nayo ikilemewa hutaka kutanuka ubavuni kabla ya kupasuka, na ukiifunga kwa kitambaa cha kaboni kilichoshibishwa gundi huizuia isitanuke, kwa hiyo hustahimili zaidi. Baada ya tetemeko la Kobe nchini Japani, tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,000 na kuangusha barabara ya juu ya jiji hilo, Wajapani walifunga nguzo nyingi sana za madaraja na reli, nyingine kwa chuma na nyingine kwa kaboni. Nguzo ya mviringo hufaidika kuliko ya mraba. Ya mraba hainabudi kuchongwa pembe zake ziwe butu, la sivyo kitambaa hukatika pembeni.

Basi kijana wa Nyasura hakuwatania wazee. Lakini alisahau kuwaambia nusu ya pili ya habari, nayo ndiyo nusu yenye maisha ya watu ndani yake.

Kitambaa cha kaboni hakina nguvu yoyote peke yake. Nguvu yake hupita katika gundi, na kutoka katika gundi huingia katika ngozi ya zege. Ngozi hiyo ikiwa mbovu, umebandika bendera ukutani. Kwa sababu hiyo kuna kipimo ambacho hakirukwi. Kisahani cha chuma chenye kipenyo cha milimita 50 hugundishwa kwenye zege, kisha huvutwa kwa mashine. Zege zuri huvumilia mvuto wa kama kilo 300 kabla halijang'oka. Na lazima king'oke kipande cha zege chenyewe, isiwe gundi iliyoachia. Zege lisilofikia hapo, kwa mfano lile lililochanganywa kwa mchanga wenye udongo na kumwagwa kwa maji mengi ili liteleze upesi, halifai kaboni hata kidogo. Nasi twajua, na mafundi wajua zaidi yetu, kwamba zege la namna hiyo si haba katika nchi yetu.

Kisha kuna kutu. Nondo ikishika kutu huvimba, nayo ikivimba hulisukuma zege mpaka likamomonyoka. Anayekuta boriti ya namna hiyo hana budi achukue tindo, aondoe zege lote lililooza, aisugue nondo mpaka ing'are, aijaze upya, na ndipo afikirie kaboni. Mtu abandikaye kitambaa juu ya kutu ni sawa na mganga afungaye kidonda bila kukiosha. Kwa nje patapendeza, lakini ndani pataendelea kuoza, na safari hii hakuna atakayeona kwa kuwa kitambaa kimefunika. Tena kaboni ikigusana na chuma penye unyevu huharakisha kutu ya chuma hicho, kwa hiyo lazima vitenganishwe.

Moto nao ni adui. Gundi nyingi za epoksi huanza kulegea joto likizidi nyuzi 60 au 80, joto ambalo moto wa jiko la mamantilie hulipita mara nyingi. Ndiyo maana wahandisi wenye kufuata taratibu huweka sharti hili: jengo liwe na nguvu ya kutosha kusimama na mzigo wake wa kawaida hata kama kaboni yote itaondoka usiku mmoja. Jengo lisiloweza kusimama bila kaboni halipaswi kutiwa kaboni. Lapaswa kushikiliwa kwa mirunda, watu watolewe, na lijengwe upya au libomolewe. Na sababu nyingine ya sharti hilo ni kwamba chuma kikizidiwa hunyooka kwanza, hupinda, hutoa nyufa, humpa mtu nafasi ya kukimbia. Kaboni haitoi taarifa. Hubanduka kwa kishindo kimoja.

Twayasema haya kwa sauti kwa sababu tumekwisha kuzika watu wetu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, saa za biashara, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba kaboni ingeyaokoa majengo hayo. Mtu akichimba msingi wa nyumba chini ya miguu ya waliomo, au akijenga kinyume cha michoro, hakuna kitambaa duniani kitakachomsaidia. Twasema kwamba majengo yana umri na yana magonjwa, na kwamba ugonjwa hupimwa kabla ya dawa kununuliwa. Wako wafanyabiashara watakaokuja na marobota yao ya kitambaa cheusi, wakiahidi ghorofa mbili zaidi juu ya nguzo zilizochoka. Mwenye nyumba mwenye tamaa atawasikiliza. Hapo ndipo tunapoitazamia Bodi ya Usajili wa Wahandisi na ile ya Makandarasi wawe wakali, maana kazi hii ni ya mahesabu, na asiyeweza kuonyesha mahesabu yake asiruhusiwe kukoroga gundi.

Penye zege zuri na hesabu nzuri, hata hivyo, njia hii ina faida ambazo nchi ya wafanyakazi haipaswi kuzidharau. Haitaki winchi. Watu wawili kwenye jukwaa la mbao huweza kuipandisha. Hospitali haifungwi, soko halihamishwi, daraja halizibwi kwa miezi. Ni kweli kwamba nyuzi zenyewe huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, na bei yake kwa kilo yatisha mara nyingi kuliko ya chuma. Lakini anayepima bei kwa kilo amepima vibaya. Daraja la Ibach lilitumia kilo sita. Swali la haki ni gharama ya kazi nzima ikilinganishwa na gharama ya kubomoa na kumwaga upya, pamoja na saruji, nondo, mafuta ya magari na siku ambazo wananchi watakosa daraja lao.

Mkoa wa Mara una vitu vingi vya zege vinavyozeeka kwa pamoja: matangi ya maji, vinu vya kuchambulia pamba, makalavati ya barabara kuu iendayo Sirari, sakafu za hospitali. Una pia Daraja la Kirumi, lililoning'inizwa kwa nyaya za chuma juu ya Mto Mara, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1980 na kuunganisha Musoma na Tarime. Hatusemi daraja hilo lahitaji kaboni, maana hilo ni la wataalamu wa TANROADS kuamua kwa vipimo. Twasema tu kwamba kizazi kilichojenga kwa jasho hakipaswi kufuatwa na kizazi kisichopanda ngazi kukagua.

Na ni nani atakayeifanya kazi hiyo? Isije ikawa desturi kwamba kitambaa kikija kutoka nje, hata mkono wa kukibandika utoke nje. Kazi yenyewe si ya miujiza. Ni kusugua zege mpaka kokoto zionekane, kufuta vumbi, kuchanganya gundi kwa kipimo kamili, kuibandika kabla haijaganda, na kukanda kwa rola mpaka hewa yote itoke. Baadaye fundi hugonga kwa sarafu na kusikiliza: penye hewa ndani hutoa sauti ya debe tupu. Fundi wa plasta mwenye mkono mzuri aweza kujifunza hayo, na vyuo vya VETA ndipo mahali pake. Lakini fundi huyo apewe glavu, miwani na kinga ya pua. Epoksi mbichi huunguza ngozi na kuwaletea wengine vipele visivyopona upesi, na vumbi la kaboni huwasha koo na hupitisha umeme likiingia katika mashine. Mwajiri asemaye kwamba glavu ni gharama, basi na agundishe mwenyewe kwa mikono mitupu.

Sasa turudi Nyasura, kwa ndugu yetu na darasa lake.

Kutokana na alivyotueleza, darasa hilo ni la matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, halina nguzo za zege wala boriti, na nyufa zake zaanzia kwenye pembe za madirisha zikishuka kwa ngazi, tofali baada ya tofali. Asema pia kwamba wakati wa kiangazi ufa hufunguka hata kidole huingia, na mvua zikinyesha hujifunga. Kwetu sisi maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko yote. Sehemu za chini za Bunda zina udongo mweusi wa mbuga, ambao hunywa maji ukavimba na hukauka ukapasuka. Nyumba iliyowekwa juu yake bila msingi wa kutosha hupanda na kushuka kila mwaka kama mtumbwi ulioegeshwa. Hapo ugonjwa hauko ukutani, uko chini ya ukuta. Kitambaa cha kaboni kingebandikwa kwenye tofali laini, msingi ungesogea, na ganda la tofali lingebanduka pamoja na kitambaa na fedha za kijiji. Kwa hiyo, ndugu yetu, jibu letu kwa swali la pili ni hapana. Kaboni si dawa ya darasa lako.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wengi wameichukua methali hiyo kama amri ya kukimbilia mwiko na saruji. Lakini ufa unaotembea ukizibwa hufunguka pembeni yake. Ufa huo unasema jambo, na fundi mwema husikiliza kwanza. Weka tonge la plasta nyembamba katikati ya ufa, pana kama kiganja, andika tarehe juu yake, ufanye hivyo mahali patatu au panne. Plasta isipopasuka mwaka mzima, ufa umelala, unaweza kuuziba. Ikipasuka, msingi bado watembea.

Wakati plasta inasubiri, kuna kazi zisizohitaji mhandisi wa ng'ambo. Maji ya paa yasimwagike kwenye mguu wa ukuta: wekeni mifereji, chimbeni mtaro wenye mteremko, na pembeni mwa ukuta mzunguke kwa sakafu ndogo ya zege ili udongo usilowe na kukauka kwa ghafla. Miti mikubwa iliyo jirani hunywa maji ya udongo huo, nayo itazamwe. Mabati na kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma. Kisha, kama mhandisi wa Halmashauri ya Mji akiona kuta zafaa kuokolewa, ziko njia mbili za bei ya kwetu: kuzungusha lenta ya zege yenye nondo juu ya kuta zote, ili kuta nne zifungwe pamoja kama kreti, na kufunika kuta kwa wavu wa waya pande zote mbili, wavu uliounganishwa kupenya ukuta, kisha plasta ya saruji juu yake. Wavu huo hufanya kwa tofali kazi ile ile ambayo kaboni huifanya kwa zege. Huvuta pale ambapo tofali haliwezi kuvuta. Huko Peru, nchi ya matetemeko na nyumba za udongo, wataalamu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Lima wamezijaribu nyumba za matofali mabichi zilizofungwa kwa wavu wa plastiki juu ya meza zinazotikiswa kwa mashine, na nyumba zilizofungwa hazikuwaangukia wenyewe kama zile zisizofungwa.

Pengine mtu atauliza kwa nini tuhangaike na matetemeko hapa kwetu. Na akumbuke tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, lilipopiga tetemeko la ukubwa wa 5.9 ng'ambo ya ziwa hili hili. Kagera walikufa watu wasiopungua 16, na nyumba kwa maelfu zikaharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mwenye mtoto shuleni ajiulize ingekuwaje kama ingekuwa Jumatatu asubuhi.

Wengine wametuuliza kuhusu mkonge, maana nchi yetu ni mama wa mkonge, na yaelekea ajabu kuagiza nyuzi wakati tuna nyuzi shambani. Wazo hilo si la kuchekwa. Uzi wa mkonge ni imara, na watafiti wa nchi mbalimbali wameujaribu ndani ya saruji na pamoja na gundi. Tatizo ni kwamba ukali wa saruji huula mkonge polepole mpaka ukawa kama ugoro, na nguvu yake haiikaribii ya kaboni. Kwa kuta fupi na plasta waweza kufaa iwapo utalindwa. Kwa daraja, bado. Twapenda kuona vyuo vyetu vikilishughulikia jambo hili kwa bidii, kuliko kuliacha libaki hotuba.

Tumemjibu ndugu yetu kwa kirefu, na bado hatujamwambia lililo gumu. Iwapo mhandisi atakuja, akapima, akasema kwamba darasa hilo haliokoleki, wananchi wa Nyasura wasione kwamba jasho lao la miaka ile limetukanwa. Darasa lililofundisha watoto kwa nusu karne limekwisha kulipa kila tofali lililowekwa ndani yake. Matofali mazima yasafishwe yatumike tena, na safari hii msingi uchimbwe mpaka udongo mgumu, lenta iwe na nondo, na zege lisizidishiwe maji. Mpaka hapo watoto wasikae upande wenye ufa, na mvua kubwa ikinyesha wasikae humo kabisa.

Kwa sasa aanze na plasta. Tonge nne, tarehe juu ya kila moja, na daftari la kuandikia. Masika yakiisha atuandikie tena, nasi barua hiyo tutaichapa.